Tope la Kituo Safi

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Simu huisikii, injini ya tishari ilikwishayala masikio yako zamani, na hata ungesikia nisingepiga. Nataka maandishi.

Jumanne tulikuwa Kituo Safi. Unapajua, ni mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka gatini. Tukashusha koleo kama kawaida, lile la chuma linalouma tope chini na kupanda nalo. Likapanda halijafunga, kitu kimekwama kwenye meno. Fundi wa winchi akadhani jiwe. Nikalichomoa mwenyewe. Ni kifuniko cha pipa, Baba. Pembeni kimeliwa na kutu, lakini katikati muhuri unasomeka vizuri kabisa: kiwanda cha rangi. Kiwanda chako.

Sasa nieleze. Kituo Safi tunakiita safi kwa sababu hapakuwahi kumwagwa kitu. Taka zote za kiwanda, kwa ile miaka kumi na moja uliyokuwa nahodha wa tishari lao la kubebea taka, zilimwagwa kule mbali kwenye kina, mwendo wa saa tano. Ndivyo madaftari ya safari yanavyosema, kwa mwandiko wako mwenyewe. Imepita miaka thelathini, na mimi kazi yangu ni kulinganisha. Nachota tope la kule mbali, nachota la Kituo Safi, nachekecha, halafu nakaa kwenye hadubini nahesabu minyoo na konokono mpaka wenzangu wameniita Mama Minyoo. Mwaka wa tisa huu. Mwaka jana niliandika kwamba sehemu hizo mbili hazina tofauti yoyote, nikatia sahihi. Maana yake bahari imepona.

Unajua kiwanda kimefanya nini na ripoti yangu? Kimeiambatisha kwenye ombi la kibali. Wanataka kuanza kumwaga tena, kwa kuwa mtaalamu amethibitisha kwamba chini hakudhuriki. Mtaalamu ni mimi. Kikao ni tarehe 14 Machi, na wamenivika kilemba cha ukoka mpaka nasikia aibu, wananiita "bingwa wetu".

Kifuniko kiko mezani kwangu. Kimefikaje pale?

Mwanao

.

9 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, goti lake limeacha kelele. Anauliza kama unakula au unashindia chai.

Yaani kifuniko tu ndicho kimekutoa roho hivyo! Mwanangu, bahari inatembeza vitu. Mimi kwa macho yangu niliwahi kukiona kiti cha kinyozi katikati ya maji, cha kuzunguka, kimesimama wima kama kinangoja mteja. Nani alikipeleka? Na hao wa nyavu za kukokota nao wanaburuta kila wanachokikuta, wanakitupa wanapochoka. Au pipa moja lilituponyoka njiani siku ya mawimbi. Mambo ya kazini hayo.

Ripoti yako niliisoma yote, hata kurasa zenye namba tupu. Nikampelekea Bonge, unamkumbuka, yule aliyekuwa akifungua milango ya chini ya tishari. Akasema mtoto wa Nahodha amekuwa profesa. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Usije ukaiharibu kazi nzuri namna ile kwa ajili ya kifuniko.

Kitupe. Ule, ulale.

Baba yako

.

13 Februari

Baba,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alhamisi tulirudi Kituo Safi na bomba refu. Tukalikita kwenye tope sehemu sita tofauti, tukalipasua mezani kama muwa. Mara zote sita, chini ya tope la juu, kuna tabaka la kijivu linaloelekea kijani, unene wa vidole vitatu. Ukiliinamia, pua inawaka. Wa nyavu za kukokota wanaburuta mapipa, sawa. Tabaka wanaliburutaje? Wanalikunja kama mkeka?

Na ndani ya tabaka hamna kitu. Si mnyoo, si ganda, hamna. Juu yake yuko mmoja tu, mwekundu, mwembamba kama uzi, yule anayenenepa penye uchafu ambao wengine wote umewaua. Nilimhesabu kule mbali kwa maelfu, nikamhesabu hapa kwa maelfu, nikasema basi, sehemu mbili zinafanana. Nikaenda mbele zaidi, nikaandika kwamba ghuba hii "kwa asili haina aina nyingi za viumbe". Kwa asili! Nimefanana na daktari anayelinganisha wagonjwa wawili wa wodi moja akawaruhusu wote, eti hawajapishana.

Nani alinipa wodi hiyo? Nakumbuka siku ile sebuleni. Nilikuja na mkuu wa maabara, tukatandaza ramani mezani, Mama akatoa vikombe kutupisha. Nikaweka kidole hapo, nikauliza, "Baba, hapa hamkuwahi kumwaga?" Ukavaa miwani, ukatazama, ukasema, "Hapo? Hapo hatukuwahi." Mkuu akaandika. Kazi yangu yote imesimama juu ya neno lako hilo moja.

Naandika kwa hasira, usione mwandiko ukadhani nalia. Ulinidanganya, au hukunidanganya? Nijibu ndiyo au hapana. Na viti vya vinyozi sivitaki.

Mwanao

.

24 Februari

Mwanangu,

Huyu mzee hajakujibu, kwa hiyo naandika mimi. Barua yako nimeisoma. Usiniulize nimeipataje, nyumba ni yangu.

Wiki hii amefungua bomba la uani mara tatu analitengeneza, na bomba halina ubaya wowote. Ukimsemesha anakujibu habari za washa, zile pete za mpira za bomba.

Siku ya ramani mimi hamkuniuliza kitu. Nilitoa vikombe, nikarudi jikoni. Mngeniuliza ningewaambia. Ile miaka saba ya mwisho baba yako alikuwa akitoka saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi jioni yuko mlangoni anavua viatu, amekwishamaliza safari mbili. Safari mbili, mama! Huko mbali wanakosema ni saa tano kwenda na saa tano kurudi. Mimi shule sikufika mbali lakini saa naijua kuisoma. Nilijua hafiki. Nikanyamaza, maana nilifurahi kuona mume anarudi mapema, wa wenzangu walikuwa wakirudi wamelewa au hawarudi. Zile ovaroli zake nilizifua kwa mikono hii. Mikono ikababuka, tukaisingizia sabuni.

Basi nina hasira naye, na nina hasira na nafsi yangu. Na wewe pia nina neno na wewe, unamwandikia baba yako kama polisi. Lakini usiache. Kaza hapo hapo, anakaribia kusema.

Mama

.

2 Machi

Binti yangu,

Ndiyo. Nilikudanganya.

Ulitaka neno moja, umelipata. Sasa soma na mengine.

Miaka minne ya kwanza tulifika kule mbali kweli, safari moja kwa siku, haki ya Mungu. Halafu kiwanda kikapanuliwa, taka zikajaa gatini. Msimamizi akaniita akasema kuanzia Jumatatu ni safari mbili. Nikampelekea ramani, nikampigia hesabu ya saa mbele yake. Hata hakuitazama. Akasema, "Nahodha, mimi sikuulizi unafika wapi. Nakuuliza unarudi saa ngapi." Nikaelewa. Tulikuwa wanne ndani ya tishari, tukaelewa wote. Tukawa tunakwenda mpaka hapo mnapopaita Kituo Safi, pale ambapo mtu aliyesimama ufukweni hawezi kuona rangi ya maji, Bonge anafungua milango, tunageuza. Bonge alifungua, mimi niliandika. Kwenye daftari niliandika kule mbali kila siku, kwa miaka saba.

Nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye hadubini yako. Kabla ya hapo tulikuwa tukitia nanga sehemu hiyo hiyo kungoja zamu ya kupakia. Nanga ilikuwa ikipanda na vurugu zima. Tope limejaa nyota za bahari, zile za mikono mirefu myembamba, zinajinyonganyonga, na kaa wadogo wanakimbia sitahani, na majongoo ya bahari manene kama mkono wangu. Bonge alikuwa akiwarudisha majini kwa mpira wa maji huku anawatukana kwa sababu walimchafulia sitaha. Mwaka wa pili wa safari mbili, nanga ikaanza kupanda kimya. Tope tupu, linanuka kama duka la rangi. Bonge akaniangalia, nikamwangalia. Tukaosha sitaha.

Siku ya ramani bosi wako alikuwa amekalia kiti changu, kalamu mkononi, na wewe unanitazama kwa fahari kana kwamba bahari niliichimba mimi. Ulimi ukateleza upande wa uoga. Nilidhani utachota mara moja, utaona pabaya, utahama. Sikujua mtapafanya kipimo cha bahari nzima!

Lakini na mimi niulize, maana na mimi nina hasira. Madaftari yangu mnayo. Kila ukurasa wa miaka ile saba una safari mbili kwa siku. Saa tano kwenda, saa tano kurudi, mara mbili, na kupakia juu yake. Hivi mlidhani tishari lina mabawa? Baharia yeyote, hata mpishi wa meli, angefungua ukurasa mmoja tu akaanguka kwa kicheko. Nyinyi na vioo vyenu mnahesabu miguu ya mnyoo, lakini tishari zima linawapita puani hamlioni! Nilingoja mniulize. Mwaka wa kwanza nilingoja, na wa pili. Mwaka wa tatu nikajua hamtauliza, nikashusha pumzi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe, kwamba nilishusha pumzi.

Barua hii ni yako peke yako. Ukimaliza kuisoma, ichome. Mbele ya kikao sisimami. Wenzangu wawili wamekufa na jina safi, na Bonge yu hai ana wajukuu wanaomwona mtu.

Baba yako

.

6 Machi

Baba,

Sichomi ng'o.

Nimefungua madaftari. Ukurasa wa kwanza kabisa niliougusa, safari mbili. Wa pili, mbili. Miaka yote hii nilikuwa najumlisha mizigo tu, tani na tani, sikuitazama safu ya saa hata siku moja. Nilikaa sakafuni pale ofisini nikajitukana kwa sauti, matusi yale uliyonikataza nikiwa mdogo. Fundi wa winchi akachungulia, akaufunga mlango polepole akaondoka zake.

Kwa hiyo mpumbavu nimeshamwona. Sasa tumzungumzie mwongo.

Nimemwambia mkuu kila kitu. Anasema nitulie, tutaandika ripoti mpya mwakani bila kelele. Mwakani! Mwakani tishari litakuwa kazini, na uwongo utakuwa na sahihi yangu badala ya yako. Nimemjibu kwamba tarehe 14 nitasimama na kuifuta ripoti yangu mbele ya watu. Amesema nisirudi kwake nalia mkataba ukikatwa. Sitarudi.

Ila peke yangu sitoshi. Nitawaonyesha kifuniko, wakili wao atasema bahari inatembeza vitu. Maneno yako hayo hayo! Nitawaonyesha tabaka, watasema limetoka mtoni. Nitawasomea saa, watasema nahodha alikosea kuandika. Aliyekuwepo ni wewe. Usiponyanyuka, wanapewa kibali, na hao wachache waliobaki kule chini wanamwagiwa tena kwa miaka mingine isiyojulikana, kwa idhini ya Mama Minyoo.

Bonge ana wajukuu, nimesikia. Wewe pia una binti.

Ukumbi wa bandari, saa tatu asubuhi.

Mwanao

.

11 Machi

Binti yangu,

Nimekwenda kwa Bonge. Tumegombana mpaka jirani akaja. Ameniambia nikifungua mdomo, nikifa hatakanyaga kwenye mazishi yangu, na yeye akifa nisikanyage kwake. Mtu tuliyekula sahani moja.

Sitakuja. Usiniandikie tena jambo hili.

Baba yako

.

17 Machi

Kitinda,

Umeondoka ukumbini bila hata kunipa mkono. Nilikuita, ukaniachia mgongo.

Nilikuwa nimekataa kuja, unajua. Asubuhi ile mama yako alinirushia suruali kitandani, akasema, "Vaa." Nimeishi naye miaka arobaini, neno moja peke yake linanitisha kuliko maneno mia.

Yule wakili wao, kijana mwenye tai fupi, ananiambia kwa adabu nyingi kwamba kumbukumbu za wazee huteleza. Nilimwambia sawa mwanangu, kumbukumbu zangu zitupe, chukua daftari la kiwanda chako mwenyewe, fungua ukurasa wowote unaoupenda wa miaka saba ya mwisho, usome kwa sauti. Akasoma. Safari ya kwanza, safari ya pili. Nikamwambia haya, nitajie chombo chenye mbio hizo, maana sisi tulipewa bafu la chuma lenye injini. Watu walicheka. Wewe hukucheka, nilikuona.

Na Bonge alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Sijui alifuata nini. Nilipotamka kwamba milango tuliifungua sisi, niligeuka, hakuwepo tena. Nimepeleka salamu mara mbili, hajazipokea.

Lakini nikuambie ukweli, tangu siku ile kifua changu chepesi. Nalala kama mtoto. Hata bomba la uani nimeliacha lipumzike. Nimesema mbele za watu, nimeaibika, yamekwisha. Nisamehe, mama, tuyamalize. Njoo Jumapili nyumbani tukae kama zamani.

Baba yako

.

20 Machi

Baba,

Shikamoo.

Kibali wamenyimwa. Barua imetoka leo, mstari mmoja na muhuri. Kiwanda kimesema kitakata rufaa. Ripoti yangu imefutwa rasmi, na mimi nimepewa miezi sita ya kuanza upya kutoka sifuri, kisha wataangalia kama wananihitaji. Kwenye ubao wa matangazo mtu amebandika picha ya tishari akalichorea mabawa. Nimeiacha hapo hapo.

Nilikupa mgongo kwa sababu ningekupa uso ningesema mbele ya watu maneno ambayo yasingerudi. Sasa nayaandika kwa utulivu kidogo.

Kifua chako chepesi usiniandikie tena. Umelala vizuri, hongera. Unajua kwa nini tabaka lile bado liko pale, bichi, linanuka baada ya miaka thelathini? Kwa sababu waliokuwa wakiligeuza tope wamekufa. Zile nyota zako za mikono mirefu, hao kaa, hayo majongoo, wachimbaji wote, kazi yao ilikuwa kupindua tope mchana kutwa, kuliingizia hewa, kulisafisha. Mkawaua wao kwanza. Hakuna aliyebaki wa kufanya usafi. Tope jipya linaongezeka kwa unene wa ukucha kwa mwaka, na kila meli inayotia nanga inalichimbua upya. Mabuu wa nyota wanaletwa na maji kila msimu, wanashuka pale kutafuta pa kuishi, wanagusa, wanakufa. Msimu unaofuata wanakuja wengine. Nitazeeka, nitazikwa, na hicho kitu kitakuwa bado kinaua. Kwa hiyo hayajakwisha, Baba. Kilichokwisha ni wewe kunyamaza.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usiniharakishe. Ulipovuliwa nguo pale mbele na yule mwenye tai fupi nilitaka kumrukia, mjue hilo wewe na Mama. Hasira yangu haikupungua hata punje, lakini nilitaka kumrukia. Jumapili siji.

Nina shida ya kikazi. Sina tena mahali pazima pa kulinganishia, na siwezi kumpima mgonjwa bila kujua mzima anafananaje. Aliyeona tope lile likiwa hai, ambaye bado anaongea nami, ni wewe tu. Nataka kujua nyota zilikuwa za rangi gani, ukubwa gani, zilipanda ngapi kwa nanga moja. Nataka na kila mahali mlipofungua ile milango, si pale peke yake. Siku za mawimbi mlifungulia wapi? Siku mlizochelewa kupakia je? Najua kuna pengine. Nimekusoma sasa.

Jumatatu saa moja asubuhi boti inatoka gatini. Fundi atakuwekea kiti karibu na winchi. Vaa koti. Ndani ya boti sitaki hadithi, sitaki pole, sitaki Kitinda. Utanyoosha kidole, basi. Nami sitaandika mpaka koleo lipande nione mwenyewe.

Mwanao